Barua kwa mdogo wangu aliyekwama ukurasa wa 41

Likasi, Kikula
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Huku nyumbani Baba anakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya vumbi, lakini mchana yuko chini ya mwembe wake na redio yake, na ukifika wakati wa habari anatunyamazisha wote. Maua ya mijakaranda yamelala barabarani. Juzi usiku tulipata mvua ya kwanza, ile ya kutuliza vumbi tu, na mbegu za mahindi tumeshaziweka tayari.

Ujumbe wako wa Jumatano nimeusoma mara tatu. Ningeweza kukujibu kwa simu, ila mambo ya vitabu hayanitoki vizuri kwenye simu. Kaa chini usome polepole.

Unasema tangu mwezi wa tano unasoma L'Invention de l'Afrique ya Mudimbe, ile fotokopi uliyoishona kwa uzi, na umekwama ukurasa wa 41. Unasema uliapa kwamba hutafungua kitabu kingine mpaka hicho kiishe. Vitabu vyako vya katuni umewagawia vijana wa jirani, riwaya umezirudisha kwa wenyewe. Miezi mitano imepita, hicho hakisogei na vingine huvigusi. Halafu ukaandika maneno yaliyoniuma: kwamba labda kichwa chako si cha vitabu.

Kichwa chako kizima. Kilichokufunga ni kiapo.

Na najua kiapo kilikotoka. Mudimbe alipofariki huko Marekani Aprili mwaka huu, mji ulimkumbuka. Alizaliwa hapa hapa mwaka 1941, Likasi ikiitwa bado Jadotville, na kwa siku chache kila mwenye simu alikuwa anatuma picha yake, yule mzee mwenye miwani. Wewe ulitaka zaidi ya picha. Uliniambia: mtoto wa Likasi ameandika kitabu kinachosomwa vyuo vikuu vya dunia nzima, na sisi wa Likasi hatujui ndani mna nini. Nilifurahi siku ile na bado nafurahi. Lakini ulikichukua kitabu kizito kuliko vyote alivyoandika, ukajifungia nacho chumbani, ukafunga na dirisha.

Mimi pia niliwahi kufanya hivyo. Nilipokuwa nasomea ualimu Lubumbashi, mwalimu wetu mmoja alituambia kwamba mtu anayesoma hadithi za mapenzi na za polisi anajipotezea wakati, na kwamba msomi hutambulika kwa kitabu kilicho mkononi. Nilimwamini. Nikaazima L'Être et le Néant ya Sartre, kurasa zaidi ya 700, nikatembea nayo kila mahali kama kitambulisho. Kwenye basi niliishika jalada likitazama nje. Tangu Pasaka hadi Noeli sikusoma kitabu chochote, hata hicho chenyewe. Nilikuwa nakifungua, nafuata mistari kwa macho, mwisho wa ukurasa sikumbuki hata neno moja, narudi juu. Na kwa kuwa nilijinyima vingine vyote, mazoea yenyewe ya kusoma yakanitoka. Kitu ambacho tangu utotoni nilikifanya bila kufikiri, kama kuvuta pumzi, kikageuka kazi ya kuogopa.

Aliyenirudisha ni Mama, na hakujua kama amenirudisha. Wewe ulikuwa mdogo sana, hutakumbuka. Alilazwa wiki tatu, na usiku mimi ndiye niliyelala pale, kwenye kitenge nilichotandika chini ya kitanda chake. Usingizi ulikuwa haumjii. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na kitabu chembamba, pembe zimekunjika, jalada limeshikiliwa na plasta ya hospitali: Bandoki ya Zamenga Batukezanga. Bandoki ni wachawi. Unamjua Zamenga, Kongo nzima imemsoma, Kifaransa chake hata mtoto wa darasa la sita anakifuata. Nilikiazima, nikaanza kumsomea Mama, nikikigeuza kwa Kiswahili cha nyumbani hapo hapo, sentensi baada ya sentensi. Kila niliponyamaza ili nitafute neno, alifungua macho: «Kisha?»

Usiku wa pili alinisimamisha katikati. Akaanza kunisimulia habari za mama mmoja wa kambini kwao, enzi za utoto wake, aliyeitwa mchawi kwa sababu wajukuu wake wawili walikufa mwaka mmoja. Alinieleza jinsi watu walivyoacha kuteka maji naye, na jinsi bibi yetu alivyoendelea kwenda naye bombani, ndoo kwa ndoo, bila kusema lolote kwa mtu yeyote. Habari hiyo sikuwa nimeisikia hata siku moja. Kitabu kile kidogo, ambacho mwalimu wangu angekiita cha njiani, kilimfungulia Mama mambo aliyoyafunga miaka arobaini. Mgonjwa wa kitanda cha pili alisikiliza, na mlinzi wa usiku pia, amesimama mlangoni na tochi yake imezimwa.

Nilipotoka pale niliazima riwaya nyingine, halafu nyingine. Mwezi wa pili nikarudia Sartre, kurasa nne kwa siku, asubuhi. Sikuimaliza yote, lakini niliyoyasoma niliyaelewa, na hadi leo ninayo.

Sasa mtazame Baba. Nilipoanza shule alikuwa bado kiwandani Shituru, kwenye elektrolizi ya shaba, na alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa kupanda cheo. Alipokuwa zamu ya mchana, jioni aliweka vitu vitatu mezani: kitabu cha mafundi kwa Kifaransa, daftari la shule, na nakala ya Mwana Shaba. Wewe hukulikuta, lilikuwa gazeti la wafanyakazi, lilianzishwa na kampuni ya migodi ya Union Minière mwaka 1957 na Gécamines ikaliendeleza, na sisi watoto tulikuwa na letu, Mwana Shaba Junior. Baba alisoma ukurasa mmoja wa kile kitabu, kidole chini ya mstari, anaandika maneno magumu kwenye daftari. Halafu analivuta gazeti, anasoma habari za mpira au kisa fulani, anacheka peke yake mpaka Mama anauliza kuna nini. Kisha kidole kinarudi kwenye kitabu. Ukurasa mwingine. Gazeti tena.

Nilidhani anapumzika. Jana nilimuuliza chini ya mwembe, nikamwambia ni kwa ajili yako. Akafikiri kidogo, akasema: «Kile kitabu maneno yake yalikuwa ya chuma. Kwenye gazeti nilikuta maneno yale yale watu wanayasema. Nikirudi kwenye kitabu, yamelainika.»

Nimelala nikiwaza maneno hayo. Watu wengi, hata walimu wenzangu, husema kitabu chepesi ni mapumziko, au ni zawadi ya kujipa baada ya kazi, kama peremende kwa mtoto. Sikubali. Baba hakujizawadia. Gazeti lilikuwa sehemu ya kazi yenyewe: lilimpa Kifaransa kilicho hai, na kwa hicho akaweza kukivunja kile cha chuma. Ukikaa na kitabu kizito peke yake, unasahau kwamba lugha yake ni lugha ya watu. Unaanza kuamini kwamba maneno hayo yaliumbwa ili yakushinde.

Na kuhusu uzito, usidanganyike na unene. Utakumbuka shemeji yetu dereva, alipokuwa anapeleka lori Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa na Tunduma. Nilimwomba aninunulie vitabu viwili vya Kiswahili, vyepesi, vya kusoma jioni. Yeye si mtu wa vitabu, na «vyepesi» alielewa vyembamba. Akafika navyo vimefungwa pamoja kwa mpira: Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla na Nagona ya Kezilahabi.

Kisima cha Giningi nilikimaliza kwa siku mbili. Bwana Msa na kiko chake, siri juu ya siri, na Kiswahili cha Unguja kinachotiririka hata unasahau kupika. Nilikuwa naandika maneno pembeni kwa penseli, maana mengine hapa Likasi hatunayo kabisa, na mengine tunayo kwa maana tofauti. Kiswahili hiki ninachokuandikia sehemu kubwa nilikipata kwa Bwana Msa. Vitabu vya sarufi nilivyopewa chuoni havikunipa robo yake.

Nagona nayo ni ya mwaka 1990, kurasa hazifiki mia. Nikasema, hii ni ya Jumamosi moja. Ilinichukua masika nzima. Hujui nani anasema, hujui mahali ni wapi, wafu na wazima wamechanganyika, kila unapodhani umeshika njia unajikuta umerudi ulikotoka. Nilisoma ukurasa mmoja nikakaa nao siku mbili. Ni kitabu kikubwa, naomba siku moja ukisome. Lakini kama ningekiwekea kiapo kama chako, ningemchukia Kezilahabi mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kukiita kitabu kizito, angalia kinakutaka ufanye nini. Kuna kinachokubeba, na kuna kinachotaka ukibebe. Mudimbe mwenyewe aliandika vya namna zote mbili, tena kwa wakati mmoja, na hili ndilo ninalotaka ulisikie kuliko yote. Mwaka 1973 alitoa L'Autre face du royaume, cha hoja nzito juu ya elimu ya wazungu kuhusu Afrika, na mwaka huo huo akatoa Entre les eaux, riwaya ya padri Mkongomani anayeacha parokia na kuingia msituni kwa waasi. Mwaka 1976 akaandika Le Bel Immonde, kisa cha waziri na mwanamke wa baa pale Kinshasa wakati wa maasi. Kisha ule mzigo ulioushika wewe ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1988, na mwaka 1989, kitabu kilichofuata ni Shaba deux: daftari za mtawa aliyebaki Kolwezi wakati wa vita vya 1978. Ni kitabu chembamba, siku baada ya siku, sauti ya mtu mmoja anayeogopa na kuomba. Ukimuuliza Baba juu ya Mei ile ya 1978, atazima redio kwanza.

Simwiti Mudimbe mwepesi hata katika riwaya. Kila anapoandika kuna jiwe chini ya maji. Ila riwaya zinakubeba. Mtu huyu aliyejua Kigiriki na Kilatini, aliyesoma Foucault na Lévi-Strauss kama sisi tunavyosoma tangazo la parokia, hakuona aibu kukaa na kuandika maneno ya mwanamke wa baa. Wewe unaona aibu kuyasoma?

Basi, nakushauri hivi. Fotokopi yako usiifunge, lakini acha ukurasa wa 41 ulipo. Hakuna askari anayelinda utaratibu wa kurasa. Fungua sura ya tatu, inayohusu nguvu ya usemi. Humo Mudimbe anawachukua wamisionari watatu, mmoja mmoja, aonyeshe kila mmoja alivyomsema Mwafrika: Romano, Crowther, na wa tatu ni Placide Tempels. Soma jina hilo tena. Ni yule padri Mfransisko Mbelgiji aliyefanya kazi huku kwetu Katanga, akaandika La Philosophie bantoue iliyochapishwa Élisabethville mwaka 1945, kisha akiwa Kolwezi akaanzisha Jamaa, lile vuguvugu la Wakatoliki. Ndiyo, Jamaa ile ile. Babu na Bibi walikuwa humo. Walipokuwa wakiitana «baba» na «mama» mbele ya watu, wageni wakashangaa, mafundisho hayo yalitoka kwa mtu anayejadiliwa katika kurasa unazoziogopa. Umesoma miezi mitano ukidhani kitabu hicho kinazungumzia mambo ya mbali, kumbe babu yako yumo, pembeni, bila jina.

Baada ya hapo nenda sura ya nne, ya Blyden. Ni habari za mtu: mzaliwa wa visiwa vya Karibi aliyehamia Liberia katika karne ya 19, akawaza Afrika itasimamaje. Sura yenye mtu ndani yake hushikika. Ukishawajua Tempels na Blyden, rudi mwanzoni. Yale maneno ya «maktaba ya kikoloni», kwamba Afrika tuliyofundishwa ilijengwa kwa vitabu vya wapelelezi, wamisionari na wanaanthropolojia, hayatakuwa tena maneno ya hewani.

Soma asubuhi, kabla wenzako hawajaamka, kurasa nne au tano, na penseli. Pasipopita, soma kwa sauti. Hili si jambo la watoto. Yupo mtu mmoja, André Yav, aliyeandika mwaka 1965 historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu cha Katanga, Vocabulaire ya mji ule, kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboi wa wazungu. Imeandikwa kama watu wanavyosema, maneno yamekatwa na kuunganishwa kivyake, na ukiisoma kimya unapotea. Johannes Fabian, aliyeitoa kama kitabu mwaka 1990, ilimbidi asomewe kwa sauti na mtu wa huku ndipo maandishi yakaeleweka. Ipo kwenye intaneti, itafute. Ni fupi, ni nzito, na ni ya kwetu. Wewe wa historia hustahili kumaliza chuo bila kuijua.

Jioni, au umeme ukikatika na una tochi tu, au ukiwa kwenye foleni, shika chepesi. Kiwe chepesi kweli. Usiniletee Nagona ukasema ni cha jioni. Na usishike vizito viwili kwa mpigo: nakujua, ukishapona utataka kuanza na Ndaywel wako, ile historia ya Kongo ya kurasa zaidi ya 900, siku hiyo hiyo. Kimoja kiishe kwanza.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, nisikufiche. Nina mwenzangu shuleni anayesoma kila wiki riwaya mbili za aina moja, na anajua mwisho wake tangu ukurasa wa kumi. Anasema vizito vitamchosha. Namwona anachoka na hivyo hivyo vyepesi. Anavimeza bila kuonja. Sina zaidi ya kusema juu yake, wewe huna ugonjwa huo.

Jumanne jirani anasafiri na basi kuja huko, nimempa kifurushi chako. Kuna unga, kuna ndakala, kuna karanga alizokaanga shemeji yako. Chini kabisa, ndani ya gazeti, nimeweka Shaba deux yangu na Kisima cha Giningi. Maandishi ya penseli pembeni ni yangu, usiyafute. Hicho cha pili nakitaka kabla ya Noeli kwa sababu binti wa jirani ameshakiomba. Vijana uliowapa katuni zako waombe wakuazime moja moja, hawatakukatalia.

Jambo jingine. Nilipomwambia Baba kwamba Tempels yumo katika kitabu cha Mudimbe, alinyanyuka, akaingia chumbani, akavuta lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Akatoa daftari la Babu la mafundisho ya Jamaa, mwandiko wa wino wa buluu, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa lakini zilizobaki zinasomeka. Ni Kiswahili cha Kolwezi cha wakati ule. Baba amesema haliruhusu litoke nyumbani, hata kwa fotokopi. Ukishasoma sehemu ya Tempels nipigie simu siku ya Jumapili baada ya misa. Atakaa karibu nami, na nitakusomea.

Ni mimi,
Yaya wako